Chuku na Ushahidi: Mstari wa Miguel Covarrubias kati ya Harlem, Bali na Meksiko

IKISIRI

Makala haya yanachunguza kazi za Miguel Covarrubias (1904–1957), mzaliwa wa Meksiko aliyekuwa mchoraji wa vibonzo, mpambaji wa jukwaa, mchoraji wa ramani, mtafiti wa mila, mwanaakiolojia na kiongozi wa idara ya dansi. Inadaiwa hapa kwamba nyanja hizo zote zilitegemea stadi moja, nayo ni uwezo wa kutambua sifa chache zinazobeba umbo zima na kuziweka katika mstari. Stadi hiyo ilipotumiwa kwa watu mashuhuri ilizaa kicheko, ilipotumiwa kwa Wamarekani Weusi wa Harlem ilizaa ugomvi ambao haujaisha, na ilipotumiwa kwa sanamu za kale za Meksiko ilizaa ushahidi wa kihistoria. Makala yanajaribu kueleza sababu za tofauti hizo.

1.0 UTANGULIZI

Msanii wa fani nyingi huwasumbua wahakiki. Mwanahistoria wa sanaa humchukua mchoraji akamwacha mtafiti, na mwanaanthropolojia humchukua mtafiti akaiona michoro kuwa pambo la kitabu. Ndivyo ilivyomtokea Covarrubias. Katika historia ya majarida ya Marekani anatajwa kuwa bingwa wa vibonzo wa miaka ya 1920 na 1930. Katika maandishi kuhusu Indonesia anatajwa kwa kitabu kimoja tu, kile cha Bali. Wanaakiolojia nao humkumbuka zaidi kwa jedwali moja la nyuso za miungu ya mvua. Mtu anayesoma maandishi ya makundi hayo matatu anaweza kudhani kwamba wanaozungumziwa ni watu watatu waliochangia jina.

Kwa msomaji aliyelelewa katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ipo istilahi inayofaa kuwaunganisha watu hao watatu. Istilahi hiyo ni chuku. Katika tamathali za usemi, chuku ni kukuza sifa ya kitu kupita kiasi ili sifa hiyo ionekane. Kibonzo cha sura ya mtu ni chuku iliyowekwa katika mstari: pua inarefushwa, kidevu kinafutwa, na bado mtazamaji anamtambua mhusika, pengine kwa haraka zaidi kuliko katika picha ya kamera. Lakini chuku ina sharti ambalo wahakiki hawalitaji mara kwa mara. Inafaulu pale ambapo msikilizaji anakijua kitu kinachokuzwa. Anayeambiwa kuwa fulani ni mrefu kama mnazi hucheka kwa sababu amewahi kumwona huyo fulani. Asiyemjua atabaki na mnazi tu. Sharti hili ndilo litakaloongoza mjadala unaofuata.

2.0 MEKSIKO: MAFUNZO YA MSTARI

Covarrubias alizaliwa katika Mji wa Meksiko tarehe 22 Novemba 1904. Alikuwa mtoto wa miaka sita mapinduzi yalipoanza mwaka 1910, na alipofikia ujana nchi ilikuwa inajijenga upya. Aliacha masomo akiwa bado kijana mdogo, akafanya kazi ya kuchora ramani katika ofisi ya serikali. Jambo hili la ramani lisipuuzwe, maana litarudi.

Mwaka 1921 José Vasconcelos aliwekwa kuwa Waziri wa Elimu ya Umma, akawapa wachoraji kuta za majengo ya serikali. Diego Rivera na José Clemente Orozco walipata umaarufu wao hapo. Kwa Covarrubias, hata hivyo, kuta hizo hazikuwa na uzito kama mbinu ya ufundishaji iliyobuniwa na mchoraji Adolfo Best Maugard na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1923. Best Maugard alichunguza mapambo ya sanaa ya kale na ya kienyeji ya Meksiko, akadai kwamba yote yanajengwa kwa vipengele 7 vya msingi: mzingo wa konokono, duara, nusu duara, umbo la herufi S, mstari wa mawimbi, mstari wa mikunjo mikali na mstari mnyoofu. Watoto wa shule walifundishwa kuchora kwa kuviunganisha vipengele hivyo. Covarrubias alikuwa miongoni mwa vijana waliouzunguka mradi huo.

Mtu anaweza kuibeza mbinu hii kuwa ni sarufi ya kulazimisha, na upungufu huo upo kweli. Lakini ilimpa kijana huyu tabia mbili za macho. Kwanza, alizoea kuivunja picha katika vipengele vinavyohesabika. Pili, alizoea kuamini kwamba umbo lina ukoo, kwamba mkunjo fulani katika chungu cha leo unaweza kuwa mjukuu wa mkunjo wa miaka elfu mbili iliyopita. Kibonzo kinatokana na tabia ya kwanza, na akiolojia yake ilikuja kutokana na ya pili.

3.0 NEW YORK: CHUKU YENYE JINA

Covarrubias alifika New York mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 18. Mshairi José Juan Tablada, aliyekuwa akiishi huko, alimfungulia milango, na baada ya muda mfupi mwandishi Carl Van Vechten akamtambulisha kwa wahariri. Jarida la Vanity Fair likawa makao yake. Mwaka 1925 kampuni ya Knopf ilitoa mkusanyiko wake wa vibonzo, The Prince of Wales and Other Famous Americans. Kichwa chenyewe kilikuwa mzaha, kwa kuwa mrithi wa ufalme wa Uingereza hakuwa Mmarekani.

Ubora wa vibonzo hivi unatokana na ujasiri wa kuacha. Mstari ni mmoja, safi, usio na manyoya. Kivuli kinatumika kwa uchache. Uso unajengwa kwa maumbo yanayokaribia jiometri. Al Hirschfeld, ambaye baadaye alikuja kuwa mchoraji mashuhuri wa sura za waigizaji wa Marekani, alitumia naye studio moja, na athari ya Mmeksiko huyu katika mstari wa Hirschfeld ni dhahiri kwa yeyote anayelinganisha kazi zao.

Katika miaka ya 1930 alichora kwa ajili ya jarida hilo mfululizo wa mazungumzo ya kubuni, ambamo watu wawili wasiopatana walikutanishwa katika ukurasa mmoja. Sigmund Freud aliwekwa na mwigizaji wa filamu Jean Harlow. Martha Graham, mwanzilishi wa dansi mpya, aliwekwa na Sally Rand, mcheza dansi wa mapepeo aliyejulikana kwa kukaribia uchi. Katika picha hizi chuku inatimiza sharti lake kikamilifu. Kila mhusika ana jina, msomaji anamfahamu, na mhusika mwenyewe ana nguvu ya kujibu. Hakuna anayedhulumiwa Freud anapochekwa.

4.0 HARLEM: CHUKU ISIYO NA JINA

Hali ilikuwa nyingine kabisa upande wa kaskazini wa mji huohuo. Harlem ya miaka hiyo ilikuwa kitovu cha mwamko wa sanaa na fasihi wa Wamarekani Weusi, na Covarrubias alizoea kumbi zake za muziki tangu siku zake za kwanza. Uhusiano wake na mwamko huo ulikuwa wa kikazi pia. Alichora jalada la The Weary Blues, diwani ya kwanza ya Langston Hughes (1926), na katika mwaka huohuo alichora picha za mkusanyiko wa nyimbo za blues uliohaririwa na W.C. Handy. Baadaye alichora picha za Mules and Men, kitabu cha ngano na simulizi kilichotolewa na Zora Neale Hurston mwaka 1935. Alitengeneza pia mandhari ya jukwaa ya La Revue Nègre, onyesho lililomfanya Josephine Baker kuwa nyota jijini Paris mwaka 1925. Wanafunzi wa fasihi ya Afrika watavutiwa kujua kwamba ndiye aliyechora picha za toleo la Kiingereza la mwaka 1932 la Batouala, riwaya ya René Maran kuhusu Ubangi-Shari iliyopata Tuzo ya Goncourt mwaka 1921.

Kazi kuu ya kipindi hiki ni kitabu Negro Drawings cha mwaka 1927. Ndani yake wamo wacheza dansi, waimbaji, wahudumu wa mahoteli, wanawake waliovaa kwenda kanisani. Miili inapinda kwa mdundo ambao mchoraji mwingine wa wakati huo asingeweza kuunasa. Wahakiki wengi wa Kizungu walikisifu kitabu hicho kwa kudai kwamba hatimaye Mtu Mweusi ameonekana kama alivyo.

W.E.B. Du Bois hakukubali. Mwaka 1926 jarida lake, The Crisis, lilikuwa limewauliza waandishi na wachapishaji swali zito: Mtu Mweusi achorweje katika sanaa? Du Bois alihofia kwamba wachapishaji wa Kizungu walikuwa tayari kununua picha ya aina moja tu, ile ya starehe za usiku, na kwamba picha hiyo ikirudiwa vya kutosha ingegeuka kuwa ukweli machoni pa wasiowajua Weusi. Chukizo lake kwa michoro ya Covarrubias alilieleza waziwazi.

Je, Du Bois alikosea? Watetezi wa Covarrubias hutaja mambo matatu: kwamba alikuwa Mmeksiko na si Mzungu wa Marekani, kwamba aliipenda Harlem, na kwamba vibonzo vyake havina midomo minene na macho yaliyotokeza ya michoro ya dharau iliyokuwa imezagaa katika magazeti ya Marekani kwa vizazi kadhaa. Yote matatu ni kweli. Hata hivyo, hayajibu hoja. Kasoro inaonekana mtu anapovilinganisha vitabu viwili vya mchoraji huyuhuyu, cha 1925 na cha 1927. Katika cha kwanza kila ukurasa una jina la mtu. Katika cha pili watu karibu wote ni aina: mwimbaji, mcheza dansi, kijana wa mitaani. Mstari ni uleule, chuku ni ileile, lakini mtu anayekuzwa sifa zake hajulikani kwa msomaji wa Vanity Fair, ambaye hajawahi kukaa naye mezani. Msomaji huyo anabaki na mnazi.

Ulinganisho na Aaron Douglas unasaidia hapa. Douglas, mchoraji Mweusi aliyefika Harlem mwaka 1925, naye aliacha sura za watu binafsi na kutumia vivuli vyeusi visivyo na nyuso. Lakini vivuli vyake vinabeba historia. Vinatoka utumwani, vinajenga miji, vinatazama mbele. Umbo la jumla halimwonei mtu likiwa na safari yake. Katika Negro Drawings watu wanacheza vizuri mno, na hawaendi popote.

Lisisahaulike pia kwamba Hughes na Hurston hawakuwa wajinga. Walijua soko la vitabu, na vitabu vyao vilitoka vikiwa na michoro ya Mmeksiko huyu. Ugomvi wa Harlem haukuwa kati ya Weusi na mgeni tu. Ulikuwa pia kati ya Weusi wenyewe, juu ya nani ana haki ya kuonyesha maisha ya mtu wa chini.

5.0 BALI: MGENI ANAYEKAA

Mwaka 1930 Covarrubias alimwoa Rosa Rolanda, mcheza dansi na mpiga picha mzaliwa wa California, nao wakasafiri hadi Bali. Walirudi tena mwaka 1933 kwa ufadhili wa Guggenheim. Kitabu Island of Bali kilitoka mwaka 1937, kikiwa na michoro ya mume na picha za kamera za mke. Mchango wa Rosa umefifizwa mno katika maandishi ya baadaye. Sura za kitabu kuhusu dansi zinaonyesha ujuzi wa mwili ambao mchoraji peke yake asingeupata kwa kutazama.

Safari hii hawakukaa hotelini. Walipanga katika ua wa familia ya kiungwana huko Belaluan, Denpasar, na Covarrubias alijifunza Kimalei, lugha ya mawasiliano na biashara ya visiwa vile. Mwenyeji wao mwingine alikuwa Walter Spies, mchoraji na mwanamuziki Mjerumani aliyekwishaishi Bali kwa miaka kadhaa na kuufahamu vizuri muziki wa gamelan.

Mabadiliko ya mkabala yanaonekana mara moja. Michoro bado ni ya mistari michache: namna mwanamke anavyoinamia kinu, namna kitambaa kinavyofungwa, hatua kumi na kitu za mkono katika dansi ya legong. Lakini sasa mstari umewekwa kando ya maelezo marefu. Msomaji anaelezwa jinsi subak, ushirika wa wakulima wa mpunga, unavyogawa maji ya mfereji. Jinsi kijiji kinavyojiendesha. Jinsi maiti inavyoandaliwa kwa kuchomwa na gharama zake zinavyowaelemea jamaa. Jinsi mchawi Rangda anavyopambana na Barong katika tamthilia ya usiku. Mcheza dansi aliyechorwa ukurasa mmoja ana kijiji, deni, mungu na mwalimu katika kurasa zinazofuata. Sharti la chuku limetimizwa kwa njia ya maandishi: msomaji amefahamishwa kitu kabla ya kukuzwa kwake.

Hivyo basi, tofauti kati ya Harlem na Bali haikuwa ya kipaji wala ya nia njema. Ilikuwa ya muda, lugha na nafasi ya kueleza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila hawakusema mgeni huyo akae siku ngapi.

Kitabu kina upofu wake. Bali ya mwaka 1930 ilikuwa koloni. Uvamizi wa Waholanzi dhidi ya Badung mwaka 1906 ulikwisha kwa puputan, yaani watu wa jumba la mfalme, wanawake na watoto pamoja, kutoka wakiwa wamevaa nguo nyeupe na kuikabili mizinga hadi kufa. Covarrubias alilisimulia tukio hilo kwa uchungu, na mwishoni mwa kitabu alililaumu wimbi la watalii na bidhaa za viwandani zilizokuwa zikiharibu ufundi wa wenyeji. Lakini kitabu chenyewe, kilichoandikwa kwa lugha tamu na kuuzwa kwa wingi, kikawa miongoni mwa vishawishi vikubwa vya utalii huohuo. Hadi leo kinachapishwa na kusomwa na wasafiri. Isitoshe, picha ya kisiwa ambacho kila mkulima ni msanii, picha ambayo Covarrubias na Spies waliieneza kwa dhati, ilikuwa chuku nyingine, na safari hii iliyotiwa chuku ilikuwa jamii nzima. Ugomvi wa matabaka na wa ardhi, uliokuja kuwa na matokeo ya kutisha huko Bali mwaka 1965, hauonekani vya kutosha ndani yake.

6.0 RAMANI NA DANSI

Mwaka 1939 Covarrubias alirudia kazi ya ujana wake. Kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya Golden Gate huko San Francisco alichora, akisaidiwa na mchoraji Antonio Ruiz, ramani 6 za ukutani za Bahari ya Pasifiki: watu, mimea na wanyama, sanaa, uchumi, makazi na vyombo vya usafiri. Bahari iliwekwa katikati, na mabara yakasukumwa pembeni. Uamuzi huo ni wa kifikra, kwa kuwa ramani za shule zilizozoeleka huikata Pasifiki vipande viwili ili kuipa Ulaya kitovu. Ramani ya sanaa ilipotea baada ya maonyesho.

Kuhusu dansi inatosha kusema machache. Kati ya mwaka 1950 na 1952, kwa mwaliko wa mtunzi wa muziki Carlos Chávez, Covarrubias aliongoza idara ya dansi ya Taasisi ya Taifa ya Sanaa. Alimwita nyumbani José Limón, mzaliwa wa Culiacán aliyekuwa amejijengea jina New York, na kwa ajili ya Los cuatro soles (1951), onyesho la Limón lililotegemea muziki wa Chávez, alibuni mandhari na maleba. Serikali ilipobadilika aliondoka. Wapo wanaokiita kipindi hicho kifupi umri wa dhahabu wa dansi ya Meksiko. Jambo la hakika ni kwamba maleba ya jukwaani yalibuniwa na mtu aliyekuwa amezishika sanamu za kale kwa mikono yake.

7.0 WAOLMEKI: CHUKU INAYOGEUKA KUWA USHAHIDI

Sehemu yenye uzito mkubwa kuliko zote katika maisha ya Covarrubias ndiyo inayojulikana kidogo kuliko zote kwa wapenzi wa vibonzo vyake. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akikusanya sanamu ndogo za udongo na za mawe ya kijani kutoka sehemu mbalimbali za Meksiko. Baadhi yake zilikuwa na uso wa pekee: mdomo ulioinama pembeni kama wa mtoto anayelia au wa mnyama anayenguruma, macho membamba, kichwa kilichopasuka juu. Mtindo huo uliitwa wa Kiolmeki, na vituo vyake vikuu vilikuwa La Venta na Tres Zapotes, karibu na Ghuba ya Meksiko.

Swali lilikuwa umri wake. Wataalamu wa Wamaya, wakiongozwa na Eric Thompson, walishikilia kwamba ustaarabu wa Wamaya ndio uliotangulia na kwamba Waolmeki walikuja baadaye. Mwaka 1939 Matthew Stirling alifukua huko Tres Zapotes jiwe lenye tarehe iliyovunjika. Tarakimu ya kwanza ilikuwa haipo. Ikiwa tarakimu hiyo ilikuwa 7, jiwe lilitangulia tarehe zote za Wamaya zilizojulikana, kwani lingekuwa la karne ya kwanza kabla ya Kristo. Wapinzani hawakukubali usomaji huo.

Katika mkutano wa wanaakiolojia uliofanyika Tuxtla Gutiérrez mwaka 1942, Covarrubias na Alfonso Caso walisimama kudai kwamba Waolmeki ndio waliotangulia, na kwamba utamaduni wao ni mama wa tamaduni nyingine za Meksiko ya kale. Caso alikuwa mwanazuoni mwenye sifa zote, mfukuaji wa hazina za Monte Albán. Covarrubias hakuwa na shahada yoyote.

Hoja yake ilikuwa ya kimstari. Alichora jedwali ambalo chini yake uliwekwa uso wa Kiolmeki aliouona kuwa wa jagwa, yule chui mkubwa wa Amerika. Kutoka uso huo yalipanda matawi ya nyuso, kila moja ikibadilika kidogo kutoka iliyo chini yake: mdomo unarefuka, meno yanakuwa mapambo, nyusi zinajikunja kuwa mizingo. Juu kabisa ya matawi walikaa miungu ya mvua ya baadaye, Tlaloc wa bonde la Meksiko, Cocijo wa Wazapoteki na Chaac wa Wamaya. Jedwali linadai kwamba mtu anaweza kushuka kutoka kila mmoja wao hadi shina moja, lakini hawezi kupanda kinyume.

Hapa mafunzo yote ya nyuma yanakutana. Kuna sarufi ya Best Maugard, inayouvunja uso katika vipengele. Kuna pia jicho la mchora vibonzo, linalojua ni sifa zipi zikibaki uso unatambulika na zipi zinaweza kutupwa. Mchongaji wa Kiolmeki alikuwa mwenyewe ametia chuku, na mtia chuku mwenzake alimtambua. Muhimu zaidi, sharti lililovunjwa Harlem halikuvunjwa hapa. Covarrubias hakuwa anamkuzia sifa mtu asiyeweza kujibu. Alikuwa anafuatilia chuku iliyotiwa na wenye sanaa wenyewe.

Covarrubias alifariki tarehe 4 Februari 1957. Kitabu chake cha mwisho, Indian Art of Mexico and Central America, kilitoka mwaka huohuo. Mwaka huo pia yalichapishwa matokeo ya vipimo vya kaboni vya mkaa uliofukuliwa La Venta, nayo yaliiweka sehemu hiyo katika milenia ya kwanza kabla ya Kristo na hata mapema zaidi, karne nyingi kabla ya makaburi na mahekalu makuu ya Wamaya. Kipande cha juu cha jiwe la Tres Zapotes kilipatikana mwaka 1969. Tarakimu yake ilikuwa 7.

Si kila kilichokuwa katika jedwali kimesalimika. Kuanzia mwaka 1971, Peter David Joralemon alionyesha kwamba miungu ya Waolmeki ilikuwa mingi, na kwamba nyuso nyingi zilizohesabiwa kuwa za jagwa ni za mamba, ndege, papa au za mungu wa mahindi. Covarrubias alikuwa ameona ukoo sahihi akampa babu jina ambalo halimfai kila mara. Dhana ya utamaduni mama nayo imepingwa na wanaakiolojia wanaoona jamii kadhaa zilizokua pamoja kama ndugu, zikipeana na kupokeana. Ubishi huo unaendelea.

Lipo jambo jingine, na linarudisha swali la Harlem kwa sura nyingine. Sanamu nyingi zilizomfungua macho Covarrubias zilitoka Tlatilco, kando ya Mji wa Meksiko, ambako wafyatua matofali walikuwa wakizikuta kwenye udongo na kumuuzia yeye na wakusanyaji wengine. Mwaka 1942 yeye mwenyewe alianza ufukuaji wa kitaalamu mahali hapo, na kazi iliendelea baadaye katika mwongo huo akiwa pamoja na vijana kama Román Piña Chan. Ufukuaji huo ulionyesha kwamba sanamu zilizikwa na wafu: fulani kichwani, fulani kiunoni, fulani kando ya mtoto. Lakini zile zilizonunuliwa kabla ya hapo, pamoja na zilizoendelea kuuzwa baada yake, zilikuwa zimeng'olewa makaburini bila mtu kuandika zililala wapi na karibu na nani. Mkusanyiko wake mkubwa uliingia katika Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia. Mtafiti anayeziendea sanamu hizo leo anaweza kuipima midomo yake, kuichora na kuipanga katika matawi kama Covarrubias alivyofanya, ila mengi ya makaburi yenyewe yalikwisha kufyatuliwa kuwa matofali.